Je, wajua kwa nini kuwasoma washindani hukusaidia kuandika wasichokuwa nacho?

Tafuta kwenye intaneti namna ya kutunza betri ya simu, fungua kurasa kumi za mwanzo, kisha uzisome zote bila kuruka. Ukifika ukurasa wa tatu utaanza kubashiri sentensi inayofuata: usiiache ishuke chini ya asilimia 20, usiijaze kupita 80, iepushe na joto. Ukifika wa saba unajua mpaka mpangilio wa vichwa vidogo.

Zinafanana kwa sababu kila mwandishi alifungua kurasa za wenzake kabla ya kuandika yake, akachukua alichokikuta, akabadilisha maneno mawili matatu. Sasa kama kusomana ndiko kulikoleta mfanano huo, inakuwaje mtu ashauriwe kuwasoma washindani wake ili aandike kitu cha kipekee? Jibu liko katika unachokitafuta unaposoma. Wengi husoma kutafuta kilichopo. Anayefaidika ni yule anayesoma kutafuta kinachokosekana.

Mwaka 1948 mwanahisabati wa Marekani, Claude Shannon, alionyesha kwamba kiasi cha habari kilichomo katika ujumbe kinaweza kupimwa kwa ugumu wa kuubashiri. Ujumbe unaoujua kabla haujakufikia haukuongezei chochote. Shannon alikuwa akishughulikia mawasiliano ya simu na telegrafu, lakini mimi kila nikisoma ukurasa wa kumi na moja kuhusu jambo lile lile namkumbuka yeye. Ukurasa huo unaweza kuwa sahihi kuanzia mwanzo hadi mwisho na bado usimwachie msomaji kitu.

Injini za utafutaji zililiona tatizo hili mapema. Mwaka 1997, enzi za AltaVista, injini ya utafutaji iliyotamba wakati huo, mtafiti Andrei Broder na wenzake walieleza mbinu ya kukata maandishi katika vipande vifupi vya maneno yanayofuatana, kisha kuhesabu vipande ambavyo kurasa mbili zinavyo kwa pamoja. Mwaka uliofuata watafiti Jaime Carbonell na Jade Goldstein walipendekeza kanuni ninayoipenda sana kwa urahisi wake: ukurasa upate alama kwa kulijibu swali la mtafutaji, na upunguziwe alama kwa kufanana na kurasa ambazo tayari zimechaguliwa. Februari 2011 Google ilileta mabadiliko yaliyopewa jina la Panda, yakagusa takriban asilimia 12 ya utafutaji uliofanywa Marekani. Yaliwashukia wenye maudhui hafifu, wakiwemo waliokuwa wakinakili kazi za tovuti nyingine. Mwaka 2022 kampuni hiyo ilipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, ya njia ya kukadiria ni habari kiasi gani mpya mtu atapata katika ukurasa fulani, ikizingatiwa kurasa alizokwisha kuziona. Hataza peke yake haithibitishi kwamba njia hiyo inatumika. Inaonyesha tu swali ambalo wahandisi wamekuwa wakiliuliza, nalo ni lile lile analouliza msomaji: hapa nitapata nini ambacho sijakipata kule?

Basi kazi yenyewe hufanywaje?

Kabla hujafungua ukurasa wa mtu yeyote, andika unachokijua wewe, hata kama ni nusu ukurasa na maswali matano usiyo na majibu yake. Hatua hii huachwa na wengi, na kwangu ndiyo ya muhimu kuliko zote. Ukishasoma mpangilio wa mwenzako, ni vigumu sana kuona mwingine. Utaanza pale alipoanza na utasahau pale aliposahau.

Kisha fungua kurasa na uchore jedwali. Upande mmoja panga maswali ambayo msomaji angeuliza, juu panga washindani. Kila swali lililojibiwa, weka alama. Lililotajwa bila kuelezwa, weka alama tofauti, maana hapo ndipo penye utajiri.

Turudi kwenye betri. Kurasa zinakuambia uishie 80, lakini nyingi hazisemi kwa nini 80. Hilo ni jambo lililotajwa bila kuelezwa. Ukilifuatilia unakuta kwamba kwa kawaida betri ya lithiamu huchajiwa kwa awamu mbili: kwanza chaja husukuma umeme kwa kasi mpaka seli ifike karibu na kikomo chake cha volti, ambacho kwa seli nyingi ni takriban 4.2, kisha volti hushikiliwa hapo huku mkondo ukipunguzwa kidogo kidogo. Seli inapokaa kwenye volti ya juu, hasa ikiwa na joto, kemikali zake huharibika haraka zaidi. Tayari umewapita waliosema 80 wakanyamaza. Lakini usiishie hapo. Chukua simu yako na saa, pima dakika za kutoka 20 hadi 80, kisha za kutoka 80 hadi 100, uandike namba zote mbili na aina ya chaja uliyotumia. Kwa kawaida sehemu ile ya mwisho hujikokota. Namba hizo hazipo kwenye ukurasa wa mshindani yeyote, kwa sababu hakuna aliyeipima simu yako.

Katika jedwali hilo hilo utakuta pia makosa yanayorithishwa. Bado kuna kurasa zinazomshauri mtu aiache simu izime kabisa ndipo aichaji. Ushauri huo una asili yake: ulizihusu betri za nikeli na kadmiamu. Betri za lithiamu ioni zilianza kuuzwa na Sony mwaka 1991, na kuzimaliza kabisa mara kwa mara huzichosha. Betri zilibadilika, sentensi ikabaki, ikaendelea kunakiliwa. Anayefuatilia dai mpaka lilikozaliwa humfaa msomaji kuliko anayeongeza aya kumi. Na kweli, urefu umewapoteza wengi: mwenzako ana maneno 2,000, nawe unaandika 3,000, halafu yale 1,000 ya ziada ni maji matupu.

Si kila pengo ni fursa, lakini. Mengine yapo wazi kwa sababu hakuna anayehitaji jibu. Ili kutofautisha, sikiliza maswali ambayo watu wanaendelea kuuliza hata baada ya kusoma. Swali linalorudi tena na tena, wakati kurasa kumi zipo, maana yake kurasa hizo kumi hazijalijibu.

Upande wa sheria, mpaka uko wazi kuliko wengi wanavyodhani. Mkataba wa TRIPS wa mwaka 1994, ambao ni makubaliano ya kimataifa kuhusu haki miliki katika biashara, unasema hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa, hailindi wazo wala utaratibu wa kufanya kitu. Sababu ya betri kuchoka haina mwenyewe. Sentensi za mwenzako, picha zake na michoro yake zinaye.

Na ukikuta mshindani amelijibu swali moja vizuri kuliko utakavyoweza, sema hivyo, weka kiungo cha kumpeleka msomaji huko, kisha urudi kwenye visanduku vya jedwali ambavyo bado havina alama.