Suez si mlango, na tasi hakutoka Ulaya

Wiki iliyopita nilikuwa diko la Malindi, Unguja, alfajiri, napima samaki kama kawaida yangu. Mzee mmoja akaniletea samaki asiyemzoea, akamlaza juu ya ubao wangu. Nikamwamkia. "Marahaba mwanangu. Huyu si wetu huyu. Kaja kwa Suez, katoka kwa Wazungu." Nilimweleza kwa upole, maana ni mzee wangu na kosa si lake. Lakini siku chache kabla yake mwanafunzi alikuwa ameliandika jambo hilo hilo katika mtihani, na mwezi uliopita mtangazaji mmoja wa redio aliniita nieleze "jinsi samaki wa Mediterania wanavyotuvamia". Nimechoka kulisema kwa mdomo. Leo naliandika.

Mambo yako kinyume. Waliohama ni wa upande wetu. Zaidi ya aina 400 za wanyama na mimea ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi zimeingia Mediterania tangu Mfereji wa Suez, unaounganisha Bahari ya Shamu na Mediterania kule Misri, ulipofunguliwa tarehe 17 Novemba 1869. Waliokwenda upande wa pili ni wachache mno, na wengi wao wameishia Ghuba ya Suez, kwenye mdomo wa kusini wa mfereji, au karibu na hapo. Kutoka hapo mpaka Unguja kuna bahari nzima ya kuvuka.

Ukitembea soko la samaki la kusini mwa Uturuki, mtu wa pwani yetu hahitaji mkalimani. Tasi wapo, au tafi kama wasemavyo Mombasa, na wako aina mbili: Siganus rivulatus, aliyeonekana Mediterania tangu miaka ya 1920, na Siganus luridus, ambaye hata sisi huku tunamvua. Mkundaji yupo. Kamba wapo, tena wanauzwa kwa bei nzuri. Bunju yupo, ila huyo haruhusiwi kuuzwa kwa sababu ya sumu yake.

Wataalamu huwaita hawa wahamiaji wa Kilesepsi, jina lililotungwa na Francis Dov Por kwa kumtaja Ferdinand de Lesseps, aliyesimamia ujenzi. Nalitumia kwa sababu kila mtu analitumia, lakini silipendi. Waliochimba ni wakulima wa Misri, wengi wao kwa kulazimishwa, na hakuna hata samaki mmoja anayebeba jina lao.

Sasa nije kwenye kinachonikera zaidi, yaani hili neno "mlango". Hata waliokwisha kuelewa kwamba samaki walikwenda kaskazini husema, "Mlango ulifunguliwa, samaki wakapita." Kama ingekuwa hivyo, wengi wangefika katika miaka kumi ya kwanza. Suez haina malango ya kupandishia meli kama Panama, ambako meli hupita katika ziwa la maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lililo mita 26 juu ya bahari. Suez ni mtaro wa maji ya chumvi ulio sawa na bahari kila upande. Hata hivyo kwa miongo mingi ulikuwa chujio, tena chujio kali.

Katikati ya mfereji kuna Maziwa Machungu. Kabla ya kuchimba, hilo lilikuwa bonde kavu lenye tabaka nene la chumvi sakafuni. Maji ya bahari yalipoingia, chumvi ile ikaanza kuyeyuka, na katika miaka ya mwanzo maji ya pale yalikuwa na chumvi karibu mara mbili ya bahari ya kawaida. Fikiria yai la samaki, au kiluwiluwi cha siku mbili, linasukumwa na mkondo hadi pale. Linakufa. Samaki mzima anaweza kuvumilia saa kadhaa, lakini maziwa yale hayavukwi kwa saa kadhaa ukiwa huna haraka wala hujui unakokwenda. Samaki hasafiri kwenda Ulaya. Anafuata chakula, anataga, watoto wake wanahamia mbele kidogo, na kizazi baada ya kizazi ndipo jamii inafika upande wa pili. Kwa hiyo haitoshi kuyavuka maziwa, ni lazima uweze kuishi ndani yake. Chumvi ya sakafuni iliyeyuka polepole, meli zikaongezeka, mfereji ukapanuliwa na kuchimbwa zaidi, na mwaka hadi mwaka kizuizi kikadhoofika.

Kizuizi cha pili kilikuwa Nili. Mafuriko yake yalimwaga maji baridi baharini kila mwaka mwishoni mwa kiangazi, mbele kabisa ya mdomo wa kaskazini wa mfereji. Bwawa Kuu la Aswan lilipoanza kuyazuia katikati ya miaka ya 1960, pazia hilo likaondoka.

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu hulipitia haraka. Chaza lulu mdogo, Pinctada radiata, aliandikwa kuonekana Aleksandria, pwani ya Mediterania ya Misri, mwaka 1874, miaka mitano tu baada ya ufunguzi. Kaa wa kuogelea alikuwa Port Said, kwenye mdomo wa kaskazini wa mfereji, mwaka 1898. Samaki wa kwanza aliandikwa mwaka 1902. Chumvi ilikuwa wapi chaza alipopita? Huenda ni mvumilivu kuliko wengine, huenda alinata kwenye tumbo la meli akavukishwa. Kwa chaza na kome wengi hatuwezi kutenganisha njia hizi mbili, na mtafiti anayekuambia kwa uhakika "huyu aliogelea, huyu alipanda meli" mwulize amejuaje.

Kisha kuna tofauti kati ya kupita na kukaa, ambayo wanafunzi wangu huikosa kila muhula. Mkundaji aina ya Upeneus moluccensis alikuwa tayari yupo mashariki mwa Mediterania, ila wachache tu. Baada ya majira ya baridi ya 1954/55, yaliyokuwa na joto lisilo la kawaida, watoto wengi wakanusurika, na ghafla nyavu za kukokota zikajaa mkundaji mgeni kuliko mkundaji mwenyeji. Mfereji haukubadilika mwaka ule. Kilichobadilika ni joto la maji. Ndiyo maana nasikitika kila ninaposoma habari ya wahamiaji hawa isiyotaja kwamba Mediterania inazidi kuwa na joto.

Kwa nini basi upande mmoja tu? Jibu la darasani ni mkondo: kwa sehemu kubwa ya mwaka maji ya kusini yako juu kidogo, kwa hiyo yanasukuma kaskazini. Ni kweli, lakini mwishoni mwa kiangazi mkondo hugeuka, na bado wa kaskazini hawajai kusini. Wengine husema Mediterania ya mashariki ilikuwa na nafasi tupu. Hili nimelifundisha kwa miaka, na kila mwaka naliamini kidogo zaidi ya nusu. Nafasi tupu unaipimaje kabla hajaja wa kuijaza? Tasi walikuta mwani umejaa, wakaula mpaka miamba mingi ya huko imebaki wazi kama uwanja uliofagiliwa. Hawakujaza nafasi, wameibadilisha nyumba. Mimi naona uzito uko kwenye joto na chumvi: samaki wa Bahari ya Shamu amekwisha kuzoea vyote viwili, na wa Mediterania hajazoea.

Bunju wa mashavu ya fedha, Lagocephalus sceleratus, aliandikwa Uturuki mwaka 2003 na sasa anakata nyavu na mishipi pwani zote za mashariki. Serikali ya Uturuki imefika hatua ya kuwalipa wavuvi kwa kila mkia wanaouleta. Nilisimama bandarini nikiangalia mvuvi akinyoosha wavu wake wenye matundu yanayopitisha ngumi, akaniuliza kwetu tunamfanyaje. Nikamwambia kwetu hasumbui hivyo. Akanyamaza. Kwetu ana majirani waliomzoea kwa muda mrefu sana, na huko hana.

Mwaka 2015 mfereji ukapanuliwa tena. Wako wanasayansi wanaopendekeza maji ya chumvi kali yanayotupwa na mitambo ya kuondoa chumvi yamwagwe Maziwa Machungu ili kizuizi kirudi. Nimelifikiria sana pendekezo hili. Yatakufa mengi yanayoishi ziwani leo, na tasi wa Uturuki hatarudi. Lakini bado wapo wengi Ghuba ya Suez ambao hawajavuka, na kwa ajili ya hao ningekubali lijaribiwe.