Mafumbo ya Maumbo katika Usaili: Yanayosemwa Mitaani na Yalivyo Hasa

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikikaa na vijana wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, wanaojiandaa kwa usaili wa kazi, na sijaona sehemu ya mitihani hiyo inayozungukwa na uvumi kama ile ya mafumbo ya maumbo: jedwali la vyumba tisa ambamo vinane vimechorwa na cha tisa kimewekewa alama ya kuuliza, au mstari wa picha tano ambao msailiwa anatakiwa kuchagua ya sita. Kwa kuwa swali halina sentensi ya kusoma wala hesabu ya kukokotoa, kila mtu hujitungia maelezo yake kuhusu kinachopimwa. Mengi ya maelezo hayo si kweli, na mengine yanawapotezea watu alama walizoweza kuzipata.

“Ni kipaji, mtu anacho au hana”

Hili ndilo ninalolisikia mara nyingi zaidi, na haliondoki kwa sababu lina chembe ya ukweli. Mtihani ulioyapa mafumbo haya umaarufu ni ule wa Mwingereza John Raven, uliochapishwa mwaka 1938 ukiwa na maswali 60 katika seti tano za maswali 12, na kweli ulitungwa ili kupima uwezo wa kufikiri usiotegemea sana yale mtu aliyofundishwa darasani. Watu hutofautiana katika uwezo huo, na sioni sababu ya kulificha. Hata hivyo, mtu anayekutana na mafumbo haya kwa mara ya kwanza hutumia dakika zake za mwanzo kujifunza swali lenyewe linataka nini, ilhali aliyekwisha kuyazoea huzitumia dakika hizohizo kujibu, na ndiyo maana wanaorudia mtihani wa aina hii kwa kawaida hupanda alama.

Ushahidi mwingine ni mpana zaidi. Mwaka 1987 James Flynn, mtafiti wa New Zealand, alichapisha takwimu za mataifa 14 zilizoonyesha kwamba alama za mitihani ya akili zilikuwa zikipanda kutoka kizazi hadi kizazi, na kwamba ongezeko lilikuwa kubwa hasa katika mitihani ya aina ya Raven, yaani ileile iliyodhaniwa kuwa haiguswi na malezi wala shule. Damu ya watu haibadiliki kwa kasi hiyo. Niseme na upande wa pili: mazoezi humfanya mtu awe stadi zaidi wa mafumbo haya, lakini hayamwongezei akili katika kila jambo, na anayewauzia vijana masomo kwa ahadi hiyo anawauzia upepo.

“Mwenye macho makali huliona jibu papo hapo”

Hapa ndipo penye hasara kubwa, kwa hiyo nitapakalia kidogo. Kijana mmoja mwenye stashahada ya uhasibu aliwahi kuketi barazani kwangu akalikodolea macho fumbo moja kwa dakika nne nzima, akisubiri jibu limjie, na nilipomuuliza alikuwa akitafuta nini alinijibu kwamba alikuwa anaangalia tu. Fumbo lenyewe lilikuwa hivi. Katika kila chumba mlikuwa na umbo la nje, mshale ndani yake, na nukta kadhaa chini. Safu mlalo ya kwanza ilikuwa na duara, mraba na pembetatu. Ya pili mraba, pembetatu na duara. Ya tatu pembetatu na duara, kisha alama ya kuuliza. Mishale ya safu ya kwanza ilielekea juu, kulia, chini; ya pili kulia, chini, kushoto; ya tatu chini, kushoto. Nukta zilikuwa moja, mbili, tatu. Kisha mbili, tatu, nne. Kisha tatu na nne.

Anayelitazama fumbo hilo kama picha moja huona vurugu tupu. Nilimwambia afunike mishale na nukta kwa mawazo, abaki na maumbo ya nje peke yake. Mara akaona kwamba kila safu ina duara moja, mraba mmoja na pembetatu moja, na kwamba katika safu ya tatu kinachokosekana ni mraba. Akaandika “mraba” pembeni mwa karatasi, akaacha kabisa kuufikiria, akahamia kwenye mishale. Kila hatua mshale unazunguka robo duara kufuata mwendo wa saa, hivyo baada ya kushoto ni juu. Nukta zinaongezeka moja moja, hivyo tano. Akashuka tena kwa safu wima ya mwisho kuhakikisha: pembetatu, duara, mraba, chini, kushoto, juu, tatu, nne, tano. Yote yakakubaliana. Sehemu tatu kwa pamoja zilichukua muda mfupi kuliko ule aliokuwa ameutumia kutazama.

Kinachomchosha mtu katika fumbo gumu ni wingi wa kanuni anazotakiwa kuzishika kichwani kwa wakati mmoja. Patricia Carpenter, Marcel Just na Peter Shell, watafiti wa Marekani, walichambua mafumbo ya Raven na kuchapisha matokeo mwaka 1990, wakaonyesha kwamba karibu yote yanajengwa kwa aina chache tu za kanuni: kitu kubaki kilevile katika safu, kuongezeka au kupungua hatua kwa hatua, chumba kimoja kujumlishwa na kingine au kutolewa, na vitu vitatu kugawanywa ili kila safu ipate kimoja kimoja. Ipo pia ya tano inayowatesa wengi, ambamo mstari uliomo katika vyumba viwili hutoweka katika cha tatu na ule uliomo katika kimoja tu hubaki. Kwa hiyo anayeandika matokeo ya kila kanuni pembeni anaupunguzia ubongo mzigo, na hilo si udhaifu wala udanganyifu, ilimradi masharti ya mtihani yanaruhusu karatasi.

Nimemwona fundi cherehani wa pale sokoni Mwanga akipanga kitenge kabla ya kukata, akihesabu ni ua gani linarudia baada ya shubiri ngapi na ni lipi limegeuzwa kama katika kioo, ili mshono wa kifuani usimkate kichwa ndege aliyechorwa. Anagawa kwanza, anakata baadaye. Nilipomwonyesha jedwali la vyumba tisa alisema mambo ya wasomi hayawezi, jambo lililonishangaza kuliko lilivyomshangaza yeye.

“Jibu lolote lenye maelezo linatosha”

Dai hili huletwa na vijana wabishi, nami nawaheshimu, kwa sababu kimantiki wana hoja. Kuibua kanuni kutokana na mifano michache hakuwezi kutoa uhakika wa aina ile ya hesabu. Ukipewa nukta moja, kisha mbili, kisha nne, inayofuata inaweza kuwa nane kwa kuzidisha mara mbili, au saba kwa kuongeza moja, mbili, kisha tatu. Kanuni zote mbili zinasimama.

Lakini mtihani hauulizi kama maelezo yako yanawezekana. Unauliza kanuni ipi nyepesi zaidi inayoeleza kila kitu kilichochorwa, bila kubakiza hata nukta moja, na inayokubali kwa mlalo na kwa wima pale jedwali linaporuhusu. Kanuni inayohitaji neno “isipokuwa” ni ya kutupwa mara nyingi. Na pale kanuni mbili zinapolingana, machaguo ndiyo yanayoamua: yakiwa na saba bila nane, mtunzi alikusudia saba. Yakiwamo yote mawili na hakuna safu nyingine ya kuamua, basi kosa ni la mtunzi, jambo ambalo katika mitihani ya bure ya mtandaoni si nadra. Hali kama hiyo hutokea pia kwa umbo lenye pande zinazofanana. Mshale uliokuwa juu sasa uko chini: je, umezungushwa nusu duara au umepinduliwa kama katika kioo? Mshale wenyewe hausemi. Lazima utafute umbo lisilo na ulinganifu, mfano herufi F, ndilo litoe siri.

“Hayana lugha, kwa hiyo yana haki kwa kila mtu”

Ni kweli kwamba aliyekulia kwenye Kiha na aliyekulia kwenye Kiswahili wanaliona jedwali lilelile. Hata hivyo, kuchora kuna desturi zake. Alama ya kuuliza huwekwa kwenye kona ya chini kulia kwa sababu mtunzi amezoea kusoma kutoka kushoto, na mtu aliyelelewa na maandishi ya Kiarabu madrasani anaweza kuanza upande wa pili bila kujijua. Akianzia kulia, mshale unaozunguka kufuata saa ataona unakwenda kinyume chake, na kujumlisha ataona kutoa; hajakosea, ila anafanya kazi ya ziada kufika palepale. Zaidi ya hapo, shule yenye vitabu vya kutosha, michoro, chemshabongo na kompyuta humzoesha mtoto kuliona umbo kama kitu kinachoweza kugawanywa sehemu sehemu, na si kila kijiji cha mkoa huu kina shule ya namna hiyo.

Zimebaki dhana ndogondogo. Si lazima uwe bingwa wa hisabati, kwani kuhesabu hadi kumi na kuijua robo duara kunatosha kwa maswali mengi. Kuanzia kwenye machaguo si njia ya mkato kama inavyodhaniwa: wanaofanya vizuri mara nyingi hulijenga jibu kwanza, ndipo hulitafuta, kwa sababu majibu ya uongo hutungwa yafanane na ukweli kasoro sehemu moja, kama mraba wenye mshale juu na nukta nne badala ya tano. Pale fumbo linapozidi uwezo, njia ya kuondoa ndiyo inayobaki. Ukiwa na uhakika wa mraba peke yake, huenda machaguo sita yakabaki mawili. Methali ya haraka haraka haina baraka haimfai sana mtu aliyepewa takriban dakika moja kwa swali. Akikwama, aliruke na arudi baadaye, ikiwa mtambo wa mtihani unaruhusu kurudi, kwani ipo isiyoruhusu. Na kuhusu kubahatisha, jibu limo katika maelekezo ya ukurasa wa kwanza ambayo wengi huyapita: ikiwa jibu baya halikati alama, usiache swali hata moja wazi, ikiwa linakata, bahatisha tu pale ulipokwisha kuondoa machaguo kadhaa.