Barua ya Medicaid ikikataa, anza na tarehe

Mama mmoja kutoka Kivu alinijia na bahasha iliyokuwa imekaa siku kadhaa juu ya friji, katikati ya matangazo ya piza. Mwanawe wa miaka mitano alikuwa akipata tiba ya kuzungumza mara mbili kwa wiki. Sasa barua ya Medicaid, bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wenye kipato kidogo, inasema ni mara moja. Sababu: kipindi cha pili "si cha lazima kitabibu". Mkalimani wa simu alimsomea hivyohivyo, naye akaelewa kwamba mtoto ameonekana mzima. "Kama wanasema mutoto amepona, mimi nitabisha namna gani?"

Hawakusema amepona. Maneno yale yana maana kwamba karatasi zilizofika mezani kwao hazikuwaridhisha. Kinachobishaniwa ni karatasi, na karatasi huongezwa.

Kwanza niondoe utata wa neno. Waliokulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wakisikia "rufaa" wanafikiria kupelekwa hospitali kubwa. Mimi nazungumzia kupinga uamuzi.

Medicaid ni ya serikali, lakini katika majimbo mengi hapa Marekani matibabu yako yanasimamiwa na kampuni iliyopewa kazi na jimbo. Kampuni hiyo ndiyo iliyoandika barua, na rufaa ya kwanza inakwenda kwake, ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua. Ikishikilia uamuzi wake, unaomba kusikilizwa na afisa wa jimbo. (Barua ikisema familia imeondolewa Medicaid kabisa, hiyo ni njia nyingine: unakwenda kwa jimbo moja kwa moja.)

Hizo siku 60 zimewaponza wengi, maana wanaona bado kuna muda. Huduma uliyokwisha kuidhinishiwa ikipunguzwa au kusimamishwa kabla kibali chake hakijaisha, unaweza kudai iendelee kama ilivyokuwa mpaka rufaa iamuliwe. Lakini ombi hilo lifike ndani ya siku 10 tangu barua ilipotumwa, au kabla ya siku ya mabadiliko kuanza, ukihesabu ile inayokuja baadaye. Hili si hisani ya kampuni. Mwaka 1970, katika kesi ya Goldberg v. Kelly iliyotoka New York, Mahakama ya Juu iliamua kwamba anayepokea msaada wa serikali lazima asikilizwe kabla ya kukatiwa.

Mama yule alibakiwa na siku mbili. Daktari anaweza kukukatia rufaa ukimpa idhini ya maandishi, ila ombi la kuendelezewa huduma si lake, ni lako. Tuliandika palepale jikoni: "Napinga uamuzi huu. Naomba tiba iendelee mara mbili kwa wiki mpaka rufaa iamuliwe." Tukatuma kwa faksi, tukahifadhi risiti yake. Kabla ya kutuma nilimweleza pia ubaya wa ombi hilo: ukishindwa, majimbo mengine yanaweza kukudai gharama za kipindi hicho. Alifikiri kidogo, akasema tuma.

Kisha tukaomba faili la mtoto, ambalo kampuni inapaswa kulitoa bure. Ripoti ya mtaalamu wake ilikuwa na mistari mitatu tu: anahudhuria, anaendelea vizuri. Si ajabu walikata! Kwa aliye chini ya miaka 21, sheria ya Medicaid haidai kwamba tiba imponye. Inatosha ikipunguza tatizo. Mtaalamu akaandika upya: maneno mangapi mtoto anatamka, mangapi yanaeleweka na mgeni, na nini kilitokea alipokosa vipindi wakati wa likizo.

Rufaa ya kawaida hujibiwa ndani ya siku 30. Ya dharura, saa 72. Yetu ilijibiwa wiki ya tatu, na kipindi cha pili kikabaki.

Bahasha iliyofuata aliipiga picha akanitumia WhatsApp kabla hata hajaifungua. Lilikuwa tangazo la daktari wa meno.