Ghorofa la Maboksi, Jua la Dar

Mteja akinijia na picha ya ghorofa la maboksi, namuuliza kwanza upana wa barabara ya kwake. Wengi hucheka, wakidhani natania. Boksi hutoka karakanani likiwa na sakafu, nyaya na mabomba, hubebwa na lori, kisha kreni hulipandisha juu ya mwenzake. Kwa hiyo ukubwa wa chumba chako huko Sinza unaamuliwa na kona ya mtaa na nyaya za umeme zinazoning'inia hapo, kabla sijashika kalamu. Mimi huchora kwa mita 2.4, upana wa kontena. Sebule naunganisha maboksi mawili.

Joto ndilo linaloninyima usingizi. Chuma hakina subira ya tofali: jua likiwaka, nacho kimewaka. Siku moja saa kumi alasiri niliweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi wa nyumba moja Tegeta, nikakitoa upesi. Upande wa pili wa ukuta ule kulikuwa na kitanda cha mtoto.

Jua letu hupita karibu na utosi; Juni huegemea kaskazini, Desemba kusini. Kuta za pande hizo ni rahisi kuzikinga: dirisha la kimo cha mita 1.2 hupata kivuli cha mchana kwa ukingo wa juu unaochomoza sentimita 75 tu. Mashariki na magharibi jua huja chini chini, linapita chini ya ukingo wowote. Huko naweka ngazi, bafu na stoo. Kisha madirisha yatazamane, kusi na kaskazi zipite ndani, na juu ya dari ya boksi la mwisho liezekwe paa la bati lenye uwazi wa futi moja, hewa ya moto itokee humo. Anayedhani kujenga kwa vipande vinavyofanana ni jambo geni akumbuke paa la Soko la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli iliyofunguliwa 1975: miavuli ya zege ileile, ikirudiwa rudiwa.

Kosa langu kubwa lilikuwa Kigamboni. Maungio niliyafunga kwa silikoni peke yake. Masika ya kwanza maji yakatuama kati ya dari ya chini na sakafu ya juu, mahali jicho halifiki, tukayagundua kwa doa la kahawia juu ya televisheni. Siku hizi kila ungio lina bati lililokunjwa na kupandana, pamoja na tundu la kutolea maji, maana kuingia yataingia. Bolti nazo ziwe zimechovywa zinki. Chumvi ya bahari haina huruma.

Sasa nina kazi Mbezi. Kreni tumeipangia Juni, mvua zikiisha, ila tawi la mwembe wa jirani limeziba njia yake. Fundi anataka likatwe. Mimi nasita, kwa sababu mwembe huohuo ndio unaotia kivuli ukuta wangu wa magharibi. Na mzee mwenyewe bado hajakubali.