Jembe Lilikuwa la Nani Rungwe?

Wiki iliyopita, katika ofisi ya kijiji kimoja karibu na Kiwira, wilayani Rungwe, mzee mmoja alisimama katikati ya mafunzo yangu ya jinsia akatamka sentensi ambayo nimeisikia mara nyingi kiasi kwamba naweza kumalizia mwenyewe: tangu enzi za mababu jembe ni la mwanamke, kahawa ni ya mwanamume, na sisi watu wa jinsia tumekuja kupindua maumbile. Nilimjibu kwa adabu, kwa kuwa ni rika la baba yangu, na hapa naandika yale niliyoyameza.

La maumbile nalipitia haraka: jinsi ni mwili, jinsia ni yale ambayo jamii inautaka mwili huo uyafanye. Nakiri kwamba mpaka tunaouchora kwenye bango kitita haujanyooka hivyo. Nje ya semina watu wengi hutumia maneno hayo mawili kwa maana moja, na hata mwili wenyewe hufinyangwa na kazi, kwani shingo ya binti aliyebeba ndoo tangu utotoni si maumbile matupu.

Linaloniudhi ni hilo "tangu enzi". Wanaanthropolojia Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, katika miaka ya 1930, walikuta kazi nzito ya kulima kwa jembe ikifanywa na wanaume na wavulana, huku wanawake wakipanda, wakipalilia na kuvuna. Hata vijana waliokwisha kuhamia kijiji cha rika lao, yaani cha vijana wa umri mmoja, waliendelea kurudi kumlimia baba na kula chakula cha mama. Kisha wanaume wakafuata mishahara, wengine kwenye dhahabu ya Lupa kule Chunya, wengine kwenye machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo) na ya dhahabu Afrika Kusini, na kwa kuwa mvua haimsubiri aliye safarini, mke akalishika jembe. Mtoto aliyekua wakati huo hakumwona baba yake akilima. Leo huyo ndiye babu tunayetajiwa. Na kahawa, mmea ulioingia Rungwe wakati wa ukoloni, ilirithishwa na babu yupi?

Sisemi kwamba zamani kulikuwa na usawa, wala sina hakika kwamba safari za machimboni zinaeleza kila kitu. Zipo kaya ambazo mume hakuondoka na jembe likahama vilevile, pengine kwa sababu kazi ikishakuwa ya wanawake kwa jirani, mwanamume huona aibu kukutwa nayo. Hata kanuni za urithi wa kimila zinazosomwa mahakamani kana kwamba zilishuka na mvua zilitangazwa na serikali mwaka 1963.

Baada ya mafunzo mzee alinikaribisha nyumbani kwake. Mkewe aliniambia kwamba parachichi za uani zilikuwa zake yeye na watoto, na hakuna aliyeuliza zimeuzwa shilingi ngapi. Miti ile sasa imekatwa, mahali pake imesimama miche iliyobebeshwa ya Hass, aina ya parachichi ya biashara, na kwenye daftari la mnunuzi limeandikwa jina la mume. Nilimuuliza mzee mabadiliko hayo ni ya lini. Akahesabu miaka kwa vidole, akaishia cha nne.