Sigara ndani ya mkahawa: wa kuulizwa ni mwenye mkahawa

Tanzania iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Ibara ya 8 inataka watu wakingwe na moshi wa tumbaku katika sehemu za kazi za ndani, vyombo vya usafiri wa umma na maeneo ya umma yaliyo ndani. Mkataba unaifunga Jamhuri nzima, lakini afya si jambo la Muungano, kwa hiyo sheria ya tumbaku ya Bara ya 2003 haivuki bahari. Kwa Unguja na Pemba, sheria ni ya kupitishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, kisha isainiwe na Rais wa Zanzibar.

Vuta nikuvute huwa katika maneno ya mswada. Kila nchi inapoandika sheria hii, wafanyabiashara huomba waachiwe chumba cha wavutaji, wataweka feni na kiyoyozi. Kenya iliacha mwanya huo mwaka 2007. Uganda mwaka 2015 ikauziba.

Tukitazame hicho kiyoyozi. Kile cha ukutani tulichokizoea huvuta hewa ya chumbani, kikaipoza na kuirudisha humo humo. Harufu inaweza kupungua, ila gesi na chembechembe zisizoonekana zinabaki. Moshi wa tumbaku una kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 zinajulikana kusababisha saratani. Hakuna kiwango chake kilicho salama. Mteja atakaa saa moja aondoke. Mhudumu anayempelekea chai yumo zamu nzima, pengine ni mjamzito, na hawezi kumwambia mgeni azime. Shisha nayo itajwe kwa jina, maana mkaa wake unaongeza kaboni monoksidi.

Kwenye utekelezaji ndiko sheria nyingi zinakofia. Ukimlenga mvutaji peke yake, afisa wa afya atafika mtu keshazima sigara na kwenda zake. Kisahani cha majivu lakini bado kiko mezani, na aliyekiweka anajulikana. Ndiyo maana Ireland, ilipopiga marufuku sigara hadi ndani ya baa Machi 2004, ilimbana pia msimamizi wa mahali. Kwetu iandikwe hivyo: kisahani kisiwepo ndani, tangazo libandikwe mlangoni, mteja aambiwe azime au atoke, na kwenye boti ya Pemba nahodha awe na wajibu huo huo. Ukaguzi hauhitaji kikosi kipya. Afisa anayekagua jiko na vyoo aongeze mstari mmoja katika fomu yake, na anayerudia kosa aulizwe siku ya kuhuisha leseni.

Anayevuta ufukweni sheria ya aina hii haimgusi. Hakatazwi mtu kuvuta, anakatazwa kumvutisha mwenziwe.

Hofu ya kwamba watalii watakimbia naiona haina mashiko. Italia ilizuia sigara katika mikahawa tangu Januari 2005, Uingereza ikakamilisha mwaka 2007, Ufaransa ikafuata Januari 2008. Mgeni wa kutoka huko anayekaa hoteli ya Nungwi au Kiwengwa keshazoea kuinuka mezani na kwenda kuvutia nje. Anayeingiza sigara ukumbini huku ni kwa sababu amekuta kisahani kimeshawekwa mbele yake.