Samoni wa Mto Rogue anavuliwa na mpiga makasia

Boti tunazovulia samoni huku kusini mwa Oregon, Marekani, hazina mkuku, ule uti mrefu wa chini ya chombo, na nyingi hazifungwi injini. Chini ni bapa, mbavu zimetanuka kwenda nje, na ukiitazama boti kwa pembeni utaona omo (mbele) na tezi (nyuma) vimeinuka juu, kiasi kwamba inayolala majini sawasawa ni sehemu ya katikati tu. Urefu wake ni kama mita 5. Mpiga makasia anakaa katikati akitazama mto unakokwenda, na wavuvi wawili wanakaa mbele yake. Mtu aliyekulia Tanga au Lamu atauliza chombo kisicho na mkuku kinashikaje njia. Hakishiki, na hivyo ndivyo kilivyokusudiwa. Ukivuta kasia moja kinageuka papo hapo, na kinapita kwenye maji ya kina cha shubiri ambako mashua ya kawaida ingekwama.

Umbo hili lilitokana na mafundi wa mito miwili ya Oregon, McKenzie na Rogue, waliokuwa wakirekebisha boti zao za mbao msimu baada ya msimu. Mwaka 1915 Glen Wooldridge, aliyekuja kuwa mwongoza wavuvi wa mto huu, alishuka Rogue kutoka Grants Pass hadi Gold Beach, mto unakoingia Bahari ya Pasifiki, na miaka ya baadaye akalipua miamba kwa baruti ili boti zipate pa kupita. Siku hizi boti nyingi ni za alumini au faibaglasi. Za mbao bado zipo, na mwenye nayo hachoki kuisifia.

Wageni ninaowapeleka kuvua hupenda kuzungumzia fimbo na rangi za chambo. Mimi naona rangi inapewa sifa nyingi kuliko inavyostahili. Chambo kilekile, kwenye kilindi kilekile, saa ileile, kinashika samaki mikononi mwa mpiga makasia mmoja na kurudi kitupu kwa mwingine, kwa sababu kinachomvuta samoni ni mwendo wa chambo, na mwendo huo unatoka kwenye makasia.

Tunatumia chambo bandia cha umbo la ndizi, kama Kwikfish, chenye uso uliolala mshazari. Tumboni tunakifunga kipande cha mnofu wa sardini kwa uzi mwembamba, mizunguko mingi, ili mto usiubandue. Ukikiacha kiende na maji, kinaelea kama kijiti. Kinachokizamisha ni mkondo kukipiga usoni huku mshipi umekizuia, sawa na tiara inayopanda kwa kuwa uzi unaizuia dhidi ya upepo, ila hiki kinakwenda chini. Kwa hiyo napiga makasia kurudi nyuma, kuelekea juu ya mto, lakini si kwa nguvu ya kuishinda kasi ya maji. Tuseme mto unakwenda kilomita 6 kwa saa. Mimi nataka boti iteremke kwa kilomita 2. Tofauti hiyo ndiyo inayokipeleka chambo chini na kukichezesha.

Mishipi yote inatolewa urefu mmoja, mita 12 hadi 18 mbele ya boti. Ikipishana, chambo kimoja kinamfikia samaki kabla ya mwenzake na kumpa upenyo wa kukwepa. Ikiwa sawa, vinateremka pamoja kama ukuta, na samoni anarudi nyuma polepole mbele ya ukuta huo, mkia ukitangulia, mpaka mwisho wa kilindi ambako maji yanakuwa haba. Pale anakosa pa kwenda. Ama atapenya katikati ya mishipi, ama atauma.

Kwa nini aume, wakati samoni akishaingia mtoni kwenda kuzaa huacha kula? Wavuvi wengi hapa wanasema ni hasira, kwamba anatetea pahali pake. Nami naelekea huko, maana kuumwa kwingi nakokuona kunatokea palepale mwisho wa kilindi, na si kuumwa kwa mwenye njaa. Ni pigo.

Macho yangu muda wote yako kwenye ncha za fimbo, ambazo zimesimikwa kwenye vishikio. Chambo kinachofanya kazi kinaitetemesha ncha mfululizo, tik-tik-tik, bila kupumzika. Mtetemo ukilegea, nimechoka na boti imeanza kukimbia na maji. Ukizimika ghafla, mara nyingi ni jani au mwani umenasa kwenye ndoana. Na ncha ikigongwa mara moja, mara mbili, mgeni anarukia fimbo, nami napiga kelele: "Iache!" Samoni aina ya Chinook hukigonga chambo kabla ya kukishika, na ukiinua fimbo wakati huo unamnyang'anya. Subiri fimbo ikunjike hadi karibu na maji na ibaki imekunjika. Sekunde hizo ni ndefu kwa mtu aliyelipia safari.

Mahali pa kupeleka boti ndiko ujuzi wenyewe ulipo. Samoni anayepanda mto hatafuti chakula, anatafuta nafuu: mpaka kati ya maji ya kasi na maji ya pole, nyuma ya jiwe kubwa, au kilindi chenye kivuli jua likipanda. Alfajiri yuko kwenye maji haba akisafiri. Saa nne asubuhi ameshazama. Kabla ya kutoka nyumbani naangalia vipimo vya maji vya Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS, vinavyowekwa mtandaoni. Huku juu maji yanatolewa na bwawa la Lost Creek, kama kilomita 250 kutoka baharini, na wakiongeza au kupunguza kiasi wanachotoa, kilindi cha wiki jana kinaweza kuwa si mahali pa samaki tena.

Kuhusu hatari, kanuni ni moja: elekeza omo kwenye kile unachokiogopa, kisha vuta makasia. Ukiligeuzia jiwe ubavu unaliendea. Ukilitazama huku tezi imeelekea mshazari ng'ambo unakotaka kwenda, kila mvuto unakutoa njiani. Miti iliyoanguka inanitisha kuliko mawe, kwa sababu maji yanapita kati ya matawi, boti haipiti. Nanga nayo, yenye uzito wa kilo 13 au 14, inaning'inia tezini. Ukiishusha kwenye mkondo mkali ikanasa, tezi inavutwa chini na maji yanaingia kwa sekunde chache. Kisu changu cha kukatia kamba ya nanga kiko karibu na mkono, si ndani ya begi. Sehemu ya pori ya Rogue, ya kibali maalumu kuanzia Mei 15 hadi Oktoba 15, ina Blossom Bar na safu yake ya mawe iitwayo Picket Fence: unaingilia kushoto, na usipowahi kuvuta kwenda kulia boti inabandikwa maweni. Mgeni wa makasia asianzie huko.

Samaki akifika ubavuni, usimwinue kwanza. Mwache ndani ya wavu, ndani ya maji, umtazame mgongoni karibu na mkia. Pale samoni ana kipezi kidogo laini kisicho na miiba. Wale wa kufugwa, wanaolelewa kwenye kituo cha Cole Rivers chini ya bwawa, hukatwa kipezi hicho wakiwa wadogo. Ukiona kovu bapa, huyo wa kufugwa. Kipezi kikiwepo ni wa asili, na mara nyingi sheria inataka arudishwe salama. Kanuni hubadilika kwa msimu na kwa kipande cha mto, kwa hiyo soma za mwaka huu za Idara ya Samaki na Wanyamapori ya Oregon, usinisikilize mimi.

Njia ya hao wa asili imefunguka. Bwawa la Savage Rapids lilivunjwa 2009 na la Gold Ray 2010, na leo boti yangu inapita palipokuwa na kuta za zege.

Kuna wanaosahau jambo moja: boti hairudi juu. Kabla ya kuanza safari, gari na trela vihamishiwe mahali mtakapotokea, na huku kuna madereva wanaolipwa kwa kazi hiyo. Jaza mafuta mapema.